Chaza wa Hail

Ijumaa iliyopita nilimpakia bibi yangu kwenye gari, nikamfunga mkanda, nikavuka naye milima ya huku Uarabuni, kutoka Amerat mpaka pwani ya Hail. Mkobani nilimtilia kijiko chake cha zamani. Tulirudi na kijiko kikavu, na hasira niliyorudi nayo mpaka leo haijapoa. Nivumilie, rafiki yangu, maana nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Hail ndiko nilikokulia. Uani kwetu palikuwa na bomba, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo bibi alikuja nayo kutoka Unguja. Bahari ilikuwa nyuma ya nyumba, ukivuka uwanja wa vumbi umefika. Bibi alijua maji kwa mwezi. Ukipevuka, anahesabu kwa vidole, halafu anasema, "Kesho maji yanakupwa mpaka kule. Tafuteni vijiko."

Basi ikiangukia Ijumaa, baada ya sala tulimfuata, sisi wajukuu, peku, mchanga ukituchoma mpaka tufike penye unyevu. Alitufundisha kutafuta vitundu viwili vilivyokaribiana, maana chini yake yupo chaza. Unachimba kwa pembeni, ukichimba kwa juu utamvunja. Chaza mdogo alirudishwa palepale. "Huyu bado ananyonya, mwacheni kwa mamake," anasema, na sisi tunacheka kila mara.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kutoka milimani, alikuwa akitukunjia pua. Aliwaambia wanawe kwa Kiarabu kwamba Wazinjibari, yaani sisi tuliotoka Unguja, tunakula wadudu, akidhani hatusikii. Bibi alisikia, akaendelea kuchimba. Chaza walilala kwenye ndoo ya maji ya bahari wateme mchanga, na asubuhi bibi akawapika kwa nazi iliyoletwa kutoka Salala, kusini, ndimu na pilipili mbichi. Mpaka leo nikisikia harufu ya tui linalochemka najiona nimekaa kwenye kile kizingiti cha jiko, sahani mapajani.

Baba alipojenga Amerat, kama walivyokuwa wakijenga wenziwe wote, bibi alikubali kuhama kwa sharti moja: maji yakikupwa apelekwe pwani. Baba alimpeleka mpaka yeye baba alipofariki. Kisha goti la bibi likamkatalia, na safari zikasimama. Lakini kila mwezi ulipopevuka aliniuliza, "Maji yamekupwa huko?" Mwaka huu goti lilipopata nafuu kidogo, nikasema tunakwenda.

Uwanja wa vumbi haupo. Pana hoteli, na ukuta mweupe ulioteremka mpaka mchangani, na kigeti chenye mlinzi. Nje wametundika picha kubwa ya sahani: chaza juu ya barafu, na vipande vya ndimu. Wadudu wetu wale wale, rafiki yangu. Nilitamani kuing'oa picha ile kwa meno.

Mlinzi alikuwa kijana Mkenya, mpole. Aliposikia tunasema Kiswahili uso ukamkunjuka, halafu ukamsawijika.

"Pole sana, mama. Hii bichi ni ya wageni wa hoteli pekee. Nikiwafungulia, kazi yangu imeisha."

"Mwanangu," bibi akamwambia, "sitaki hoteli yako. Nnataka kutia miguu maji tu, nirudi zangu."

Kijana akatazama chini. Mimi nilianza kufoka. Nilimuuliza nani amempa mtu bahari, nani aliyeipima akaiandika jina lake. Nilijua siyo yeye wa kuulizwa, lakini wenye kuulizwa hawasimami getini kwenye jua. Bibi alinishika mkono. Ng'ambo ya ukuta tulisikia maji kwa mbali, yamekupwa sana, kama alivyohesabu.

"Twende," akasema. "Asije akafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

Njia nzima alishika kijiko mapajani. Watu wananiambia nitulie, fukwe bado zipo, nimpeleke kwengine. Kwengine wapi? Mtu aliyefukuzwa kwenye pwani alikolelea wajukuu wake haponi kwa kuonyeshwa pwani nyingine. Sitaki kutulia.

Jana usiku mwezi ulichomoza juu ya milima ya Amerat, na bado ni mkubwa. Bibi alikuwa amekaa uani, kauelekea. Nilingoja aniulize habari za maji. Aliniomba nimletee chai.