Moyo Uliosomwa na Saa Yangu

Kabla ya kunipasua kunitoa mawe ya nyongo, hospitali ilinivalisha saa ya mkononi. Haikuwa ya kuangalia wakati. "Inaona unavyotembea, unavyolala na moyo unavyopiga," aliniambia nesi, Mkenya mwenzangu. "Uivae wiki mbili, kaka, usiivue. Daktari akiona mwili uko tayari, unaingia thieta."

Mimi ni mlinzi wa geti, kazi yangu ni kukaa. Nikaona saa itanichongea, operesheni iahirishwe, na maumivu yalikuwa yamenichosha kabisa. Sisi walinzi tumezoea kushikiana zamu. Mmoja akizidiwa, mwenzake anasimama badala yake. Basi nikamvalisha saa Mganda ninayeishi naye chumba kimoja mjini Al Rayyan, huku Uarabuni. Yeye analinda duka kubwa, anazunguka kutwa, na sikuwahi kumsikia hata akikohoa.

"Lete, ssebo," alicheka, akiniita bwana kwa Kiganda. "Mimi natembea, wewe unapona."

Siku ya tatu nesi akapiga simu. "Kaka, uko wapi? Kaa chini kwanza. Moyo wako unapiga ovyo tangu jana. Njoo sasa hivi, na usije peke yako."

Nikautazama mkono wangu mtupu.

"Dada," nikasema, "huo moyo si wangu."

Akanipa vipande vyangu, na nilistahili. Wiki zangu mbili zingeanza upya. Nikachukua teksi mbio.

Nilimkuta yule Mganda amesimama wima mlangoni mwa duka, anawatabasamia wateja. Kumbe siku nyingi alikuwa akisikia kizunguzungu, akisingizia joto. Miaka minne tumelala umbali wa mkono mmoja, namjua mpaka anavyokoroma, lakini moyo wake sikuujua. Kijisaa cha mpira kiliujua kwa siku tatu. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku zote nilizokwenda kanisani.

Hospitalini, tukisubiri kitanda, aliuchukua mkono wangu akauweka kifuani mwake.

"Mbona mimi sisikii kitu? Wewe unasikia?"

Nikatulia. Moyo ulipiga, ukanyamaza, halafu ukapiga mara tatu kwa haraka. Nilitaka kumwambia uko sawa, nikashindwa kumdanganya.

"Nausikia," nikasema, na sikuuondoa mkono mpaka walipokuja kumchukua.