Jezi ya Mabega Mapana

Vumbi la mawe likinipanda puani, namwona kaka yangu akikimbia. Amevaa jezi ya mtumba yenye nambari kubwa kifuani, mabega ya jezi yamemshukia hadi karibu na viwiko. Muuza nguo alimwambia ni ya Mmarekani aliyevunja rekodi ya kukimbia na mpira mkononi.

"Wanamwangusha, anaamka, anakimbia tena," kaka alinieleza.

Basi hapa kwenye machimbo ya Macalder akawa anabana mfuko wa mawe ya dhahabu kwapani, anakimbia nao kutoka shimoni hadi kwenye mashine ya kusaga, huku akiwakwepa wachimbaji wenzake.

"Huyo mtu ana mabega ya fahali," mama alicheka, akimsogezea bakuli la mahindi na maharagwe. "Wewe kula nyoyo kwanza."

Shimo lilipoporomoka, wanaume walichimba kutwa nzima. Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa ile nambari. Baada ya mazishi nguo zake ziligawanywa kwa ndugu, kama ilivyo desturi yetu, na mimi nikapewa jezi. Ilikuwa imefuliwa, lakini bado ilinuka vumbi. Ilinifika magotini.

"Utakua," baba mdogo akaniambia. "Utaijaza."

Juzi mwenzangu wa shimoni alinionyesha hao Wamarekani kwenye simu. Kumbe ndani ya jezi huvaa pedi ngumu za mabega, kila mmoja wao. Hakuna mabega ya mtu yanayoweza kuijaza nguo ile.

Nikamrudishia simu yake, nikapandisha jezi mabegani, nikajifunga kamba kiunoni, nikashuka.