Pazia la Kiguu na Njia

Tulimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa fundi wa maabara yetu, mtunza hamira za majaribio, na sikuwahi kumwona amekaa kitini hadi chai yake ikaisha. Mimi naosha vyombo pale, na kupita kwake huku na huko kulinichosha kuliko masufuria.

Kazi yenyewe ilitaka utulivu. Hamira hupigwa mwanga mkali usioonekana, unaoharibu vinasaba vyake. Ikijeruhiwa, ndani ya seli hulia kitu kama kengele: kuzaana husimama, na jeni za ukarabati zilizokuwa zimelala huamshwa. Baada ya hapo pazia la dirisha lazima liwe chini mpaka sahani zote za hamira zifunikwe. Jua likiingia, hamira hujitibu kwa njia nyingine isiyohitaji kengele, na kipimo chote hakifai tena.

Binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu alikuwa ameiondoa jeni ya kengele. Zikipigwa mwanga, hamira zake zilipaswa kufa. Hazikufa! Akashangilia kwamba amegundua kengele ya pili, akaiandika, na Ijumaa angesimama mbele ya maprofesa kuitetea.

Jumatano, Kiguu na Njia alishindwa kula. Alifungua makabati, akayafunga, akayafungua tena.

"Dada, una nini leo? Unanitia kizunguzungu."

"Siku ile ya kipimo cha binti nilifungua pazia," akasema. "Sahani zilikuwa mezani, wazi. Giza lilinibana, mdogo wangu. Dakika kumi tu."

"Umemwambia?"

"Nitaanzia wapi? Mtoto ananiita mama."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia akinyamaza, ipo siku mtu atarudia kipimo kile kwingine, na mtoto wa watu ataumbuka mbele ya dunia nzima. Akatoka. Nikadhani ameingia mitini.

Kumbe alikwenda kwa binti. Binti alilia, akajifuta, kisha akauliza jambo moja tu: "Mama, tukirudia sasa hivi, utaweza kutulia?"

Sahani mia na ishirini, saa tatu nzima, taa nyekundu ndogo peke yake. Nilimsikia akipumua kwa nguvu humo gizani, miguu ikigonga sakafu, lakini dirishani hakwenda.

Ijumaa asubuhi walifunua. Sahani za hamira zisizo na kengele zilikuwa tupu, hakuna hata doa; kengele ya pili haikuwapo. Binti aliwapelekea maprofesa hizo hizo sahani tupu na kuwaeleza kila kitu, isipokuwa nani alifungua pazia.

Sisi tulingoja mlangoni. Kiguu na Njia aliomba kiti, akakaa. Chai ikaletwa, akainywa ikaisha.

Binti akatoka, macho mekundu. "Wamenipa miezi sita niandike upya," akasema. "Mama, nitahitaji fundi."

 Dada yangu alinyanyuka, akaniomba nyundo, akaenda kulipigilia pazia misumari.