Ngazi Tatu za Mke Mwenzangu

Sitaficha. Ngazi zile zilininyima usingizi. Zilikuwa tatu tu, za saruji iliyopigwa laini, zikipanda hadi sebule mpya ya mke mwenzangu, kwetu uwanda wa Kano, si mbali na Ahero. Mume wetu ndiye aliyemwongezea. Alikuwa ameanza kwa kuja kuniuliza mimi, kama mila inavyotaka, maana mimi ndimi mikayi, mke wa kwanza. Nikamwambia yangu nitajiongezea mwenyewe, amjengee huyo asiye na kazi. Miaka hiyo ya themanini nilikuwa nachukua omena, dagaa wa ziwani, kule Port Victoria na kuuza Kisumu, gunia kwa gunia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hakuna mtu aliyewahi kuninunulia hata kijiko.

Nyumba ya mikayi hutazama lango. Mgeni akiingia, ananiona mimi kwanza. Sasa siku moja mchungaji mpya aliingia, akapinda moja kwa moja kule pembeni, akapanda ngazi zile na kuita, "Hodi, mikayi!" Na yeye, mwanamke huyu, akaitikia, "Karibu, baba." Nilikuwa mlangoni pangu na ungo wa omena. Nilimsikia vizuri sana.

Nikamwita fundi, yule yule aliyemjengea yeye.

Fundi aliponda udongo mweusi kiganjani. "Mama, huu unaijua tabia yake. Mvua ikinyesha unafura, jua likiwaka unapasuka mpaka mkono unaingia. Mawe na saruji yako inatosha njia moja tu. Tuchimbe mpaka tupate ule udongo mgumu wa maramu, tujaze mawe kutoka huko, sakafu ibaki chini. Ama tuchimbe kidogo, tuinue juu."

"Inua. Ngazi nne."

"Itapasuka."

"Na yake?"

Akajifanya anatafuta kamba yake ya kupimia. "Ya kwake ni ya kwake."

Nikafikiri. Msingi wa chini nani atauona? Nani atapita barabarani aseme, tazama mawe ya mikayi yalivyozikwa? Lakini nyumba yangu ya zamani ilikuwa imeshapasuka pembe zote, na masika mlango ulikuwa hausogei bila teke. Kisha wivu ukanifundisha hesabu yake: kama udongo ni huo huo, sebule yake itapasuka mbele ya watu, na yangu itakuwa imesimama. Nikamwambia fundi, "Chimba."

Mtaro ukameza vibarua mpaka mabegani. Mke mwenzangu akaja na kikombe chake cha chai, akasimama ukingoni.

"Mikayi, hiki ni choo ama kisima?"

"Ni kaburi la ulimi wako."

Vibarua walicheka mpaka mmoja akaangusha jembe.

Kuta zilipopanda, fundi aliacha nafasi ya kidole kati ya chumba kipya na nyumba ya zamani, kila kimoja kicheze kivyake. Kazi ikaisha. Sebule nzuri, ngumu, na hatua moja tu ya kuingilia. Mume wetu akazunguka, akasema, "Imekaa vizuri." Imekaa! Ile ya pembeni aliisifu kwamba imesimama.

Kiangazi kikaja, uwanja ukapasuka. Kila jioni nilikuwa natazama ukuta wake kutoka mbali, mwisho nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kuomba chumvi, nikapitisha kidole chini ya dirisha lake.

"Unatafuta nini kwa ukuta wangu?"

"Ufa."

"Ukiupata niite, tuangalie pamoja."

Haukuwepo. Kiangazi kilichofuata pia haukuwepo. Nikamfuata fundi sokoni Ahero.

"Ulinidanganya."

"Sikukudanganya, mama. Kwako ni udongo mweusi mtupu. Kule kwake nilikuta mwamba hata kabla jasho halijanitoka."

"Na ukanyamaza!"

"Fundi wa boma la wake wawili anakula ugali kwa wote wawili. Ungetaka niseme nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mila ilinipa mahali pa heshima, na hapo pa heshima ndipo palipo na matope. Yeye aliyewekwa pembeni aliangukia mwamba. Mume sikumlaumu, hakujua. Wengine wote niliwalaumu, na ardhi pamoja nao.

Mlango wa sebule yangu mpaka leo unafungwa kwa kidole, masika na kiangazi. Hilo hakuna mgeni anayelijua akiwa langoni. Macho yao yanakwenda kule kwenye ngazi. Kwa hiyo siku hizi simngoji mtu achague. Natoka mwenyewe, nampokonya mfuko wake mkononi na kumwambia, "Mikayi ni mimi. Huku hakuna kupanda, ingia." Na yule kule juu ananitazama, anacheka.