Kiti cha Mstari wa Mbele

Wiki moja kabla ya masomo kuanza, fundi seremala wa chuo hukagua viti vya ukumbi wa mihadhara, na kipimo chake ni makalio yake mwenyewe. Hukalia kimoja kimoja, hujitikisa mara tatu, hutega sikio. Kikilia tu, bisibisi inaingia kazini. Ukimharakisha, unajisumbua bure. Safari hii mhadhiri mgeni alimkuta humo, akaanza kufanya mazoezi ya somo lake la kwanza huku akikosea na kuanza upya kila mara. Fundi alikalia kiti cha mstari wa mbele, akajitikisa mara tatu. Kimya. Hakuinuka.

"Fundi, hicho si kizima?" mhadhiri aliuliza baada ya nusu saa.

"Kinalia, mwalimu," akasema, bisibisi ikiwa bado mfukoni. "Wewe endelea tu."