Nywele Katika Uzi wa Kiondo

Baba yangu alisokota uzi wa vyondo, na kwa karibu miaka miwili hakukuwa na siri kubwa kuliko hiyo nyumbani kwetu.

Toroli ya makonge ilimponda mguu wa kushoto katika shamba kubwa alikokuwa kibarua, upande wa Ruiru. Akarudi nyumbani na gongo la kutembelea na pole nyingi, basi. Tuliishi karibu na Thika, katika kimoja cha vile vijiji ambamo Wazungu walitukusanya wakati wa Hali ya Hatari, nyumba zimebanana hata ukikohoa jirani anakuambia pole. Mama alisuka vyondo, vile vikapu wanawake wanavyobeba mgongoni, kila alipopata nafasi, lakini kusokota uzi ndiko kulikomchelewesha. Siku moja Baba akamwambia bila kumtazama, "Lete hiyo magome. Nimechoka kuangalia ukuta."

Kwetu uzi ulisokotwa na wanawake, juu ya paja. Mwanamume akionekana akifanya hivyo, hata mbuzi wangemcheka. Kwa hiyo tulifunga mlango, yeye akakunja suruali na kuanza kuviringisha nyuzi za magome kwenye paja lake la kulia, kiganja kimepakwa jivu. Wiki ya kwanza alitukana sana. Baada ya mwezi uzi wake ulikuwa mwembamba na imara kuliko wa Mama, naye Mama, Mungu ambariki, alimwambia hivyo.

Tatizo lilikuwa nywele. Paja la Baba lilikuwa na nywele ngumu, zikang'oka na kusokotwa pamoja na uzi. Kazi yangu, nikiwa na miaka tisa, ilikuwa kuzichomoa moja moja kabla kiondo hakijaenda sokoni. Nilimpenda sana baba yangu nikifanya kazi hiyo. Nilijua pia kwamba nikiacha hata unywele mmoja, kijiji kizima kitamcheka, ataacha kusokota, na sisi tutalala njaa. Vyondo ndivyo vilivyotuletea maharagwe na karo.

Magome yenyewe yalitoka kwenye mugio, kichaka cha porini. Mashamba ya makonge na kahawa yalikuwa yamekimaliza, na wanawake walitembea hadi ng'ambo ya mto Ndarugu, wakikata chochote walichokuta. Baba alipanda ua wa mugio nyuma ya nyumba, akatuamuru tukate matawi yaliyokomaa tu na kuliacha shina lichipuke tena. Ole wako uguse chipukizi. Siku hizi nasikia watu wanaitwa semina kufundishwa kwamba ususi unalinda mazingira. Baba hakuitwa popote. Alikuwa na ua mmoja wa mugio na watoto wanne.

Kisha nikakosea. Cucu mmoja wa nyumba ya tatu, bibi ambaye ulimi wake ulifika sokoni kabla ya miguu yake, alinunua kiondo siku ya Jumamosi. Jumatatu akaja nacho mkononi, akaingia bila kubisha hodi. Baba alikuwa amekunja suruali, uzi ukiwa pajani. Mama alisimama mbele yake, eti amfiche. Mimi nilianza kulia.

Cucu alimpita Mama, akauchukua ule uzi na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Haukukatika.

"Hii ni kazi yako?" akamuuliza Baba.

Baba akainamisha kichwa. "Ni yangu, cucu."

"Tangu nizaliwe sijashika uzi mzuri hivi," akasema. "Lakini hiyo nywele yako inanidunga mgongo. Nyoa, halafu unisokotee ingine. Macho yangu imeisha."

Baba hakuwa amecheka tangu siku ya toroli. Alicheka sasa, akacheka hata akajifuta machozi, na ilichukua muda nijue kwamba mengine hayakuwa ya kicheko. Kisha akaniita, wala hakupunguza sauti.

"Enda kwa jirani uombe wembe. Akikuuliza ni ya nini, mwambie."