Buluu ya Shotigani ya Babu

Kabati la ukumbini mwetu lilinuka mafuta ya nazi. Ukilifungua wakati wa baridi, kabla hujaona makoti wala viatu vya theluji, harufu ile ilikupiga usoni, nzito na tamu, kana kwamba kuna mtu anapika wali humo ndani. Tuliishi ghorofa ya tisa katika mojawapo ya majengo marefu ya mtaa wa Dixon, karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, na ndege zilishuka karibu sana hadi vikombe vikagongana rafuni. Nyuma ya makoti palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli, na ndani yake shotigani ya mtutu mmoja ya babu yangu, mzaa baba. Kwa miaka mingi aliitumia kule Lushoto kufukuza nguruwe pori wasimalize mahindi. Bibi alipofariki na shamba likagawanywa, Babu alikuja kuishi nasi Toronto, akaja nayo kwa vibali vyote vinavyotakiwa. Mara kwa mara aliitoa, akaifungua vipande, akaipaka mafuta ya nazi, yale yale aliyojipaka kichwani na magotini. Kule kwao hakuna aliyeona ajabu. Lakini kwenye kabati letu, lililopakana na ukuta wa nje, mafuta ya nazi huganda.

Basi siku moja ya Januari, nilipokuwa na miaka kumi na mitano, Babu alitandika gazeti juu ya meza ya kulia akatoa vipande vyake. Mtutu ulikuwa umefunikwa na utando mweupe. Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia, na Mama alikuwa hapo hapo jikoni anaosha vyombo. "Mama Rehema," Babu akamwambia, "nifutie hiyo, mimi naswali mara moja." Rehema ndiye mimi. Na mama yangu ni mtu asiyeweza kulala kama kuna sufuria yenye kitako cheusi ndani ya nyumba. Alipoutazama ule utando akasema ni ukungu. Alipoufuta akakuta chini yake weusi, na weusi juu ya chuma, kwa Mama, ni masizi tu. Akakata ndimu, akachukua waya wa kusugulia masufuria, akakunja mikono ya gauni. Sala ya Babu ilikuwa na nyuradi ndefu. Aliporudi, mtutu uling'aa mweupe kama masufuria ya shughuli ya harusi, na Mama alikuwa anatabasamu huku jasho likimtoka.

"Baba, ilikuwa na masizi ya tangu mkoloni. Tazama sasa!"

Babu aliketi taratibu. Akaugusa mtutu kwa kidole kimoja. "Umeivua nguo," akasema.

Niliyajifunza baadaye mambo ya ule weusi. Bunduki haipakwi rangi kama mlango. Chuma husuguliwa hadi kiwe kama kioo, kisha huzamishwa kwenye chumvi za dawa zinazochemka, na ngozi yake yenyewe hugeuka buluu iliyokaribia weusi. Buluu hiyo huzuia kutu, na ndimu huila bila huruma. Lakini wiki zile nilijifunza zaidi namna watu wawili wanavyoweza kunyamaziana ndani ya vyumba viwili na sebule. Mama alikuwa akisimama hatua moja kutoka kwa Babu na kusema, "Rehema, mwambie babu yako chai tayari." Babu naye, kikombe kikiwa mbele yake, "Rehema, mwambie mama yako nimesikia." Mimi niliyezoea kujibu Kiingereza kila nikisemeshwa Kiswahili, nililazimika kubeba maneno yao kama yalivyo. Baba, aliyefanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, aliomba zamu za ziada. "Mimi simo," alisema akivaa buti. Kisha Babu akaagiza sanduku lake la nguo lishushwe kutoka juu ya kabati. Theluji ikiyeyuka, alisema, anarudi kwao.

Nilikuwa msichana mwenye haya. Darasani nikiitwa jina niliangalia meza, na mambo yangu yote niliyamwaga kwenye shajara. Usiku ule wa sanduku niliandika sentensi moja tu: Babu haondoki. Kesho yake nikamuuliza, kwa Kiswahili changu kibovu, afanyiwe nini ili abaki. Akafikiri. "Irudishiwe nguo yake," akasema.

Mtaa wa Downsview, katikati ya maghala, palikuwa na fundi wa bunduki. Baba alitupeleka. Fundi akasema kazi yenyewe anaiweza, tungoje wiki mbili. Nilipomtafsiria Babu, akatikisa kichwa. "Mwambie sitaki shona-shona. Kuna watu waliitia rangi mwanzo. Wao ndio wairudishie." Kiwanda kile kilikuwa bado kipo, ng'ambo ya mpaka, Marekani. Fundi alikuwa na leseni ya kuisafirisha, ila akasema kwanza tupige simu wenyewe, maana vitu vya zamani hivyo huwa hawavipokei.

Simu! Afadhali ningeambiwa niivuke barabara kuu kwa miguu. Niliandika maneno yangu yote, hata "habari za asubuhi". Mama wa kiwandani alinisikiliza, akauliza namba iliyochongwa kwenye chuma, akasema aina hiyo hawaishughulikii tena. Nikashukuru, nikakata, nikaenda kulia chooni. Kisha nikanawa uso nikapiga tena. Nilipiga siku nyingine, na nyingine, hadi akawa anaijua sauti yangu. Mwishowe akacheka, akataka kuzungumza na mwenye mali. Nikaweka simu juu ya meza, sauti wazi. Babu akasafisha koo, akakusanya Kiingereza chake chote, akasema ile bunduki ni yake, imemlishia watoto saba, na yeye ni mzee. Mama yule wa kiwandani akasema atamuuliza msimamizi, na msimamizi akakubali, kwa sharti moja: kiwanda hufanya kazi kwa namna yake. Watasugua kila kitu, mikwaruzo yote itaondoka, itatoka kama siku ilipozaliwa. Nilimtafsiria Babu neno kwa neno. "Ndicho ninachotaka," akasema, akanipiga begani.

Ilirudi theluji ikiwa imeyeyuka. Tulikwenda Downsview sote. Mama alivaa kama anakwenda msibani, akakaa nyuma pembeni yangu. Fundi akafungua boksi. Sijawahi kuona rangi kama ile: buluu iliyozama ndani ya weusi, kama bilinganya lililotoka kuoshwa. Nilitaka kupiga vigelegele. Babu akaishika, akaigeuza, kidole gumba kikitembea juu ya chuma kama kinatafuta kitu. Alitafuta kovu la siku ilipoanguka juu ya jiwe, nguruwe akimjia. Alitafuta mahali kiganja chake kilipokuwa kimekwangua kwa miaka yote ile. Hapakuwa na kitu.

"Hii ya dukani," akasema. "Hainijui."

Mama akasogea, akasimama mbele yake mwenyewe, bila kunipitishia mimi. "Baba, nisamehe. Ni mimi."

Babu akamtazama. "Mama Rehema," akasema, "wewe angalau uliniachia mikwaruzo yangu." Na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Nilikuwa na ndimu tu, Baba," Mama akasema, akipangusa machozi. "Sikuwa na kiwanda."

Ndani ya gari Babu alikuja kukaa nyuma nasi, akauliza kama nyumbani kuna chai. Hakuniuliza mimi. Mama akajibu ipo, na ya tangawizi pia, nami nikakaa katikati yao bila kazi, nikitazama nje, nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuiandika. Sanduku la nguo lilirudishwa juu ya kabati bila mtu kutangaza. Mwaka uliofuata Babu alimwandikisha Mama darasa la leseni ya bunduki, akisema mtu anayesugua hivyo inafaa ajue anachosugua. Walisoma pamoja mezani, wakibishana, na Mama akafaulu.

Babu alizikwa hapa hapa Toronto. Sheria ilitaka bunduki iende kwa mwenye leseni, na nyumbani mwetu mwenye leseni alikuwa mmoja. Siku hizi mimi hupiga simu kwa watu nisiowajua mchana kutwa, ndiyo kazi yangu, na Kiswahili nakijibu kwa Kiswahili. Mama ana nywele nyeupe, na kila vuli huenda kaskazini mwa mji, shambani kwa rafiki yake Baba, kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Mwaka jana nilifuatana naye. Niliona buluu imeanza kufifia pale anapoishika, nikamwambia kiwanda bado kipo, naweza kuwapigia.

"Wapigie uwasalimie," akasema, akiweka risasi. "Hii imeshaanza kunijua."